Pima Urefu wa Tenki Kabla ya Kununua Shawa

Miksa ya shawa ina kazi moja tu: kupokea maji ya moto upande huu na ya baridi upande ule, kisha kuyatoa yakiwa na joto unalolitaka. Haiongezi nguvu ya maji hata kidogo. Tena huipunguza, kwa sababu maji hulazimika kupenya kwenye matundu madogo ya katriji iliyo ndani yake. Hata hivyo, wengi wanaojenga Kamsamba, katika Bonde la Rukwa, huanza na miksa. Ufuta ukishauzwa au mpunga ukishatoka shambani, mwenye nyumba hupanda gari hadi Mlowo au Tunduma, hukuta duka limejaa vyuma vinavyong'aa, hununua kilichomvutia macho, kisha hurudi nacho na kumkabidhi fundi bomba. Wiki mbili baadaye nyumba ina bafu zuri lenye shawa inayodondosha maji kama mchirizi wa paa mvua ikikaribia kukatika, na lawama zote anabebeshwa fundi. Mimi nakushauri uufuate mpangilio wa kinyume. Kwanza jua maji yako yanashuka kutoka urefu gani. Pili, amua yatapashwa moto na nini, au kama kweli yanahitaji kupashwa. Miksa iwe ya mwisho kununuliwa, na ukifanya hivyo huenda ukagundua unahitaji ya bei ndogo kuliko uliyokuwa umeipania, au huihitaji kabisa kwa sasa.

Tuanze na urefu, kwa kuwa hapo ndipo penye hesabu. Nyumba nyingi za Bonde la Rukwa, hata zile zilizounganishwa na mradi wa maji wa kijiji, huoga maji ya tenki, maana bomba la mradi halitoi saa zote. Maji ya tenki husukumwa na uzito wake yenyewe. Kila mita moja ya kimo kati ya uso wa maji ndani ya tenki na kichwa cha shawa hutoa presha ya takribani sehemu moja ya kumi ya bar, kipimo ambacho utakikuta kimeandikwa kwenye maboksi ya vifaa vya bomba. Sasa chukua mnara wa kawaida wa mita 3, tenki la lita 1,000 juu yake, na kichwa cha shawa kilichofungwa mita 2 kutoka sakafuni. Tenki likiwa limejaa, uso wa maji uko kama mita 2.2 juu ya kichwa cha shawa. Hiyo ni bar 0.22. Tenki likikaribia kukauka, kinabaki kimo cha mita 1 tu, yaani bar 0.1. Na hapo bado hatujatoa kile kinacholiwa na msuguano ndani ya mabomba na kona zake. Geuza sasa boksi la miksa usome. Nyingi zinazoletwa madukani zimetengenezewa miji yenye mtandao wa maji wa presha, na mtengenezaji anataka bar 0.5 au bar 1 kwa uchache. Ili upate bar 0.5 kwa mnara peke yake, uso wa maji unapaswa uwe mita 7 kutoka ardhini. Ili upate bar 1, mita 12. Hakuna ubovu wa miksa hapo wala uzembe wa fundi. Kilichotokea ni kwamba kimenunuliwa kifaa cha nyumba nyingine.

Hesabu ya karatasi ikikutia shaka, kuna kipimo kisichohitaji chombo chochote ila ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Kabla ya kuziba ukuta, mwambie fundi aache bomba la bafuni likiwa wazi kwenye kimo kilekile ambacho kichwa cha shawa kitakaa. Subiri tenki lishuke chini ya nusu, kwa sababu nyumba haiogi siku tenki limejaa peke yake, kisha fungulia na uhesabu dakika. Ndoo ikijaa kwa dakika tatu au pungufu, unapata karibu lita 7 kwa dakika au zaidi, na hata miksa ikikata sehemu yake bado utaoga vizuri. Ikichukua dakika tano na kuendelea, yaani lita 4 kwa dakika au chini yake, usinunue miksa yoyote bado. Rekebisha kwanza njia ya maji. Hapa bomba lina nafasi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwa mtiririko uleule, kipenyo cha ndani cha bomba kikiongezeka mara moja na nusu, msuguano hushuka karibu mara saba. Kwa hiyo bomba la robo tatu ya inchi kutoka tenkini hadi kwenye ukuta wa bafu, na nusu inchi ile sehemu fupi ya mwisho tu, linaweza kukupa faida ambayo miksa ya bei ya juu haitakupa kamwe. Ongeza na kona chache, na koki kuu inayofunguka wazi kabisa. Mafundi hupenda nusu inchi nyumba nzima kwa sababu ni rahisi na vifaa vyake viko kila duka. Kataa. Tofauti ya gharama ni ndogo ukiilinganisha na kubomoa vigae baadaye, na mnara ukiinuliwa mita moja zaidi wakati bado unachomelewa, hiyo mita hutailipia tena maisha yako yote.

Ukishajua presha yako, aina za miksa zinajipanga zenyewe. Ile ya vishikio viwili, kimoja cha moto na kingine cha baridi, ni ya zamani, huvumilia presha ndogo, na hukarabatiwa kwa vifaa vya bei ndogo. Ile ya kishikio kimoja cha kuinua na kuzungusha ni nyepesi kutumia na ndiyo imejaa sokoni. Kwenye presha ndogo hufanya kazi bila shida ikiwa katriji yake ina matundu mapana. Ya thermostati, ambayo unaiwekea nyuzi joto unazotaka nayo ikazilinda hata maji ya upande mmoja yakiyumba, ni nzuri mno pale palipo na presha, lakini nyingi huzubaa chini ya bar 0.5. Ulaya wana viwango viwili tofauti kwa aina hii: EN 1111 kwa presha kubwa na EN 1287 kwa presha ndogo. Ukiona namba hiyo ya pili kwenye boksi, umepata thermostati inayoweza kuishi na tenki la mnara; usipoiona, chukulia kwamba si yako. Kuhusu vile vichwa vipana vya duara vinavyoitwa vya mvua, sina la kusema ila kwamba maji ni yaleyale, na ukiyagawa kwenye matundu mia mbili badala ya arobaini kila tundu litadondosha tu. Kwa presha ya mnara, kichwa cha upana wa sentimita 8 hadi 10 kinatosha na kinasukuma vizuri zaidi.

Hatua ya pili ni chanzo cha moto, na hapa Kamsamba inatofautiana na Tunduma ingawa zote ziko Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe. Tunduma iko nyanda za juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mwezi Juni au Julai maji ya asubuhi huko hufanya mtu aahirishe kuoga. Kamsamba iko chini bondeni, upande wa Ziwa Rukwa ambalo lenyewe liko karibu mita 800. Huko tenki jeusi lililoshinda juani hutoa maji ya uvuguvugu jioni bila kuchoma hata uniti moja. Tofauti hii ya nyuzi chache inabadilisha hesabu yote. Tuchukulie maji ya Kamsamba yanaingia bafuni yakiwa nyuzi 25 na ya Tunduma asubuhi ya baridi nyuzi 16, na kila mtu anataka kuoga kwa nyuzi 38. Shawa ya umeme inayopasha papo kwa papo, zile za plastiki zinazofungwa juu ya kichwa ambazo Brazili ndiyo iliyozizoesha dunia, huwa na wati 5,500 hivi. Kwa nguvu hiyo Kamsamba inapata lita 6 kwa dakika. Tunduma inapata lita 3.6 tu. Kifaa kilekile ambacho shemeji yako wa Tunduma anakilalamikia kinaweza kuwa cha kukutosha wewe, na wewe ndiye unayekihitaji kidogo.

Lakini kabla ya kuifurahia, piga hesabu ya LUKU. Wati 5,500 kwa dakika tano ni karibu nusu uniti. Familia ya watu watano, kila mmoja akioga dakika tano mara moja kwa siku, kwa siku 30 itakuwa imetumia karibu uniti 69. Wateja wadogo wa majumbani wa TANESCO walio kundi la D1 hupata bei nafuu kwa uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Maana yake shawa peke yake imekula karibu fungu lote, kabla ya taa, redio, friji na pasi. Kuna la pili, ambalo muuzaji hatakuambia: mwishoni mwa laini ndefu ya kijijini, jioni kila nyumba ikiwasha, volti 230 zinaweza kushuka. Nguvu ya kipashio hushuka kwa kasi kuliko volti zenyewe. Zikifika 200, umepoteza karibu robo ya joto. Na la tatu ni waya. Kifaa hiki huvuta karibu ampea 24, kwa hiyo kinataka waya wake chenyewe kutoka kwenye sakiti breka yake, usiopungua milimita za mraba 4, na 6 kama njia ni ndefu. Kukichomeka kwenye waya wa soketi ni kutafuta moto. Kazi hiyo mpe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, na umtake akuonyeshe waya wa ethi ulivyoshuka hadi ardhini, pamoja na ile swichi inayokata umeme mara tu unapovuja.

Mtu anayefunga shawa ya umeme ya aina hii, kumbuka, hahitaji miksa. Kifaa kinapasha maji ya baridi yanayopita. Ukitaka moto zaidi unapunguza mtiririko kwa koki moja ya kawaida. Zipo bafu zilizo na vyote viwili, miksa ya gharama ukutani na shawa ya umeme juu yake, na upande wa moto wa miksa haujaunganishwa na chochote. Hayo ni mapambo.

Bonde hili lina jambo jingine ambalo vitabu vya miongozo vinavyoandikwa kwingine havilijui, nalo ni chumvi. Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Kinachoingia huishia kukauka juani na kuacha chumvi na magadi yake nyuma. Huko Ivuna, ndani ya wilaya hiihii ya Momba, watu wamepika chumvi kutoka kwenye chemchemi kwa karne nyingi, na waakiolojia walichimba mabaki ya kazi hiyo katika miaka ya 1960. Sisemi kila kisima cha Kamsamba kina chumvi. Vipo vitamu, na maji ya Mto Momba tatizo lake kubwa ni tope la masika. Nasema ni mahali ambapo hupaswi kubahatisha. Onja maji yako. Tazama sufuria ya chai inayochemshiwa kila siku: ukoko mweupe chini yake ni ushahidi tosha kwamba ukoko huohuo utaota ndani ya hita na kwenye matundu ya shawa. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na shawa nyingi za papo kwa papo zina kipashio kilicho uchi ndani ya maji. Kwa maji ya namna hiyo watengenezaji wana toleo maalumu lenye kipashio kilichofunikwa, na wauzaji hulitambua ukiulizia ya maji ya chumvi. Kama maji yako ni ya chumvi na duka halina toleo hilo, ondoka.

Chumvi ndiyo inayonifanya niwe mkali pia kuhusu chuma cha miksa. Nyingi za bei rahisi zimetengenezwa kwa aloi ya zinki iliyopakwa kromu. Zikiwa mpya huwezi kuzitofautisha kwa mbali na zile za shaba ya njano, na sumaku haitakusaidia kwa kuwa haishiki zinki wala shaba. Chungulia ndani ya mdomo wa kuunganishia, pale ambapo kromu haikufika kwenye uzi. Rangi ya manjano ni shaba. Rangi ya kijivu iliyopauka ni zinki, na kwenye maji ya chumvi kijivu hicho kitaanza kuliwa kabla rangi ya ukuta haijachakaa. Pima pia kwa mkono: kati ya miksa mbili za ukubwa mmoja, ya shaba ni nzito. Mbele ya miksa weka chujio dogo kwenye bomba linalotoka tenkini, na uhakikishe tundu la kutolea maji la tenki halijakaa chini kabisa, pale tope linapotulia. Punje moja ya mchanga chini ya sahani za kauri za katriji inatosha kuifanya ivuje usiku kucha.

Tukirudi kwenye moto: kama nyumba yako kweli inataka miksa, basi chanzo kinachofaa ni hita yenye tanki, ya umeme au ya jua. Hapo miksa inafanya kazi iliyoumbiwa. Hita ya lita 50 iliyofikia nyuzi 60, ikichanganywa na maji ya Kamsamba ya nyuzi 25, inaweza kutoa kama lita 135 za maji ya nyuzi 38. Tunduma, kwa maji ya nyuzi 16, hutoa lita 100. Maana yake Kamsamba theluthi moja na ushee tu ndiyo inayotoka upande wa moto, na hita ndogo inatosha. Jua la bondeni linalipa zaidi ya umeme, ila hita ya jua isiyo na pampu ina sharti lake: tenki la maji ya baridi lazima likae juu kuliko hita yenyewe, nayo hita iko juu ya paa. Ukubali mnara mrefu. Na usiiweke juu ya bati na papi za kawaida bila kumwita fundi aliyejenga paa, maana lita 150 za maji pekee ni kilo 150.

Sharti ambalo huvunjwa mara nyingi kuliko yote ni la usawa wa presha. Miksa huchanganya vizuri pale tu moto na baridi vinapokuja kwa nguvu zinazokaribiana. Mafundi wengi huchukua baridi moja kwa moja kutoka bomba la mradi na moto kutoka hita inayolishwa na tenki. Siku mradi unapofungulia kwa nguvu, baridi huuzidi moto, huusukuma urudi nyuma hadi ndani ya hita, na mwogaji anapata maji ya baridi tu huku hita ikiwaka bure. Siku mradi ukikatika, anapata ya moto matupu. Dawa ni kuchota pande zote mbili kutoka tenki moja, kwa mabomba ya ukubwa mmoja, na kuweka valvu ya kuzuia maji kurudi kila upande. Bomba la baridi la shawa lisishirikiane na la choo, la sivyo kila mtu akivuta maji chooni aliye bafuni ataruka. Bomba la moto lisiwe la PVC ya kawaida, ambayo hulegea kwa joto. Tumia PPR ya daraja la PN20. Moto huwekwa kushoto na baridi kulia. Miksa za nje ya ukuta huacha sentimita 15 kati ya mdomo na mdomo, kipimo ambacho fundi anapaswa kukiweka kabla ya lipu.

Najua mwenye haraka atauliza: kwa nini tuhangaike na minara na robo tatu, wakati pampu ndogo ya kuongeza presha inamaliza yote? Ni hoja yenye nguvu, na kwa nyumba ya wageni yenye vyumba vingi au nyumba ya ghorofa ningeikubali. Lakini kwa nyumba ya familia pampu huigeuza shawa kuwa kifaa cha umeme. Umeme ukikatika, bafu limekufa, wakati tenki la mnara lingeendelea kutiririka gizani. Pampu nyingi za aina hii hujiwasha pale zinapohisi maji yanatembea. Presha ikiwa ndogo mno hazihisi kitu na hubaki zimelala. Zikivuta maji yenye mchanga huchakaa upesi. Kuna pia kosa la kuunganisha pampu moja kwa moja kwenye bomba la mradi, ambalo huwanyang'anya majirani maji na linaweza kufyonza uchafu kupitia nyufa za bomba lililo ardhini. Mita mbili za chuma cha mnara zinalipwa mara moja na hazidai matengenezo zaidi ya rangi. Weka kwanza mnara. Ukiona bado hautoshi, ndipo pampu ije, ikae baada ya tenki na ilishe pande zote mbili kwa pamoja.

Hoja nzito zaidi ni ya usalama. Maji ya nyuzi 60 humuunguza mtu mzima vibaya ndani ya sekunde tano hivi, na ngozi ya mtoto au ya mzee huwahi zaidi. Je, si kweli basi kwamba thermostati ni lazima palipo na watoto? Ni kweli kwamba ni bora zaidi. Lakini kuna njia mbili mbovu za kulitatua hili. Ya kwanza ni kununua thermostati ya presha kubwa kwa tenki la mnara. Itatoa mchirizi, na mwenye nyumba atamwambia fundi aing'oe. Ya pili ni kushusha hita hadi nyuzi 40 na kuiacha hapo, wakati vimelea vya Legionella, vinavyosababisha ugonjwa wa mapafu, hustawi katika maji yaliyotuama ya kati ya nyuzi 20 na 45. Tanki la hita linapaswa kufika 60. Njia inayobaki ni thermostati ya EN 1287 kama unaipata, au miksa ya kishikio kimoja ambayo katriji yake ina pete ya kuzuia kishikio kisifike mwisho wa upande wa moto. Pete hiyo ipo kwenye katriji nyingi nzuri na wengi hawajui kuitumia; fundi huiweka kwa dakika chache akiwa na bisibisi. Ifungeni hivyo siku ya kwanza, na ijaribuni hita ikiwa imefikia joto lake la juu.

Na yupo atakayesema ndoo na kopo havijawahi kumshinda mtu. Hana kosa. Mtu huoga kwa ndoo moja ya lita 20 na hubakiza. Shawa ya mjini yenye lita 10 kwa dakika humaliza lita 50 kwa dakika tano, na palipo na maji ya kununua kwa dumu hiyo ni anasa isiyo na maelezo. Lakini shawa ya mnara inayotoa lita 5 kwa dakika, ukiifunga wakati wa kujipaka sabuni, inamwogesha mtu kwa lita zilezile 20, na mzee asiyeweza kuinama kuchota anasimama wima au anakaa kwenye kigoda chini yake. Hiyo ni sababu ya kutosha kuwa na shawa. Haitoshi, hata hivyo, kuwa sababu ya kuwa na miksa.

Kwa hiyo, kwa nyumba nyingi za Kamsamba, uamuzi wangu ni huu: fungeni leo shawa ya maji ya tenki peke yake, kwa koki moja nzuri ya shaba, na mpitishe ukutani bomba la pili la PPR kwa ajili ya moto, likiwa limezibwa kwa kofia pande zote mbili, sentimita 15 kushoto kwa la baridi. Ndoto ya hita ikitimia miaka miwili ijayo, ukuta hautavunjwa. Aliye Tunduma, Vwawa au popote kwenye baridi ya nyanda za juu, na yule wa Kamsamba mwenye mgonjwa, mzazi mkongwe au mtoto mchanga ndani ya nyumba, afunge hita na miksa sasa, wala asione ni anasa.

Aifungaye achague miksa ya nje ya ukuta. Zile zinazofukiwa ndani zinapendeza, lakini katriji ikifa na mwili wa miksa ukawa wa aina isiyojulikana, utabomoa vigae kutafuta tatizo la kifaa ambacho hapa hakina kipuri. Katriji za kauri zinazopatikana kirahisi ni za kipenyo cha milimita 35 na 40. Uliza ya kwako ni ipi na ununue ya akiba siku hiyohiyo, kwa sababu barabara ya Kamsamba hadi Mlowo si ya kwenda na kurudi kwa ajili ya kipande cha plastiki wakati wa masika. Weka koki ndogo ya kufungia kila upande kabla ya miksa ili ukarabati usikate maji ya nyumba nzima. Kabla vigae havijabandikwa, mabomba yajazwe maji, yazibwe na yalale hivyo usiku mzima; asubuhi pitisha mkono kwenye kila kiungo.

Siku ya kununua, nenda na karatasi yenye vitu vitatu: kimo cha mita kati ya tenki na shawa, dakika ambazo ndoo yako ilichukua kujaa, na kama maji yako yana chumvi. Mwonyeshe muuzaji, umwombe akuonyeshe kwenye boksi presha ya chini inayohitajika, na udai risiti. Akikuambia kwamba presha si tatizo, itafanya kazi tu, rudisha boksi kwenye rafu na uvuke barabara kwenda duka la pili.